Muhuri Uliotangulia Jibu

Wairimu, mama yangu kwa jina na mwanangu kwa damu,

Umetoka saa nane kwenda kusukwa nywele, ukasema utarudi giza likianza kuingia. Nina kama saa nne. Zamani saa nne zilinitosha kunakili hukumu tatu kwa mkono bila kufuta neno. Leo mkono unatetemeka, na baada ya mistari michache inanibidi niulaze mapajani upumzike. Ukiona mahali mwandiko umelegea, usidhani ameandika mtu mwingine. Ni mimi yule yule, nimetoka kupumzika.

Sitakuandikia habari za koti wala za kula vizuri. Hayo shangazi zako wamekwisha kukuambia, kila mmoja mara mbili. Sanduku lako nimeliona: liko mlangoni, limefungwa kitambaa chekundu ulichokikata kwenye pazia la marehemu mama yako ili ulitambue kati ya masanduku ya watu. Tangu utoke nimeketi nikilitazama. Ninachokuandikia ni habari za karatasi.

Mkataba wako uko mezani chini ya sinia, pale alipouacha yule kijana wa wakala. Usiuchukue kwanza. Nimeuharibu. Nimeuharibu nikiwa na akili zangu timamu, na kesho asubuhi ofisini kwao huenda wakakataa kukupokea kwa sababu yangu. Nataka ujue kwa nini kabla hujakasirika. Ukimaliza kusoma, kasirika, sitakuzuia.

Nianze na Jumanne, kwa sababu ulikuwepo ila hukuona.

Kijana alifika asubuhi, viatu vinang'aa licha ya matope ya hapa nje, akaniamkia vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Alikueleza safari yote: utapokewa uwanja wa ndege wa huko ng'ambo na mtu mwenye bango, nyumba utakayofanyia kazi ina watoto wanne na bikizee mgonjwa, pasipoti yako itakaa na mwenye nyumba kwa usalama. Kila alichosema ulitikisa kichwa kukubali. Akakupa mkataba, kurasa sita. Nilikutazama ukisoma. Ulisoma mshahara, ukasoma tarehe ya likizo, kisha ukafunua kurasa mbili kwa mpigo kama mtu anayeruka mtaro.

Nilikuuliza hapo katikati pana nini.

"Ni maneno za lawyer tu, Buda," ukasema, ukacheka. "Wewe ndio unapendanga hizo."

Ukaenda jikoni kuchemsha chai. Kijana akanisogezea ukurasa wa mwisho. Akasema, "Mzee wetu, wewe umefanya kazi kortini, hizi vitu unazijua kushinda sisi. Wairimu atasaini Ijumaa kwa ofisi. Lakini sitaki ukuje town na hiyo miguu. Weka tu yako hapa kama shahidi, tumalize."

Juu ya mstari paliandikwa, kwa Kiingereza, kwamba mimi shahidi nathibitisha mhusika amesomewa masharti yote katika lugha anayoielewa na ameyakubali kwa hiari yake. Hakuna aliyekuwa amekusomea chochote. Wewe mwenyewe hukuwa umetia sahihi. Ulikuwa jikoni, nilikuwa nasikia kijiko chako kikigonga sufuria.

Nikatia sahihi.

Sikufikiri, na hilo ndilo linalonitisha. Mkono huu ambao haushiki kikombe uliandika jina langu moja kwa moja, umenyooka, kama ng'ombe anayerudi zizini bila mchungaji. Ulipoingia na sinia, jibu lako lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Unajua nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na minane. Umewaambia marafiki zako kwa fahari, nami nimekuacha uwaambie. Lakini kuna jambo la kazi ile ambalo hata mama yako alikufa bila kulijua. Mahakama yenyewe sitaitaja. Waliomo leo hawana hatia, na kosa halikuwa la jengo.

Sheria inasema hivi. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, hakimu mpya ni lazima amjulishe mshtakiwa kwamba ana haki ya kudai mashahidi waliokwisha kusikizwa waitwe tena, waseme upya mbele ya macho mapya. Mshtakiwa anaweza kuidai haki hiyo, au anaweza kuiacha. Neno la Kiingereza la kuiacha ni "waive". Ni neno fupi. Linatoka mdomoni bila ulimi kugusa meno.

Mwaka ule tulipata hakimu mpya, kijana, mchapakazi, na faili za aliyemtangulia zilinifika kiunoni. Kama kila mshtakiwa angedai mashahidi wake warudi, kesi zisingeisha. Hakimu hakuniambia nifanye lolote. Nataka hilo liwe wazi. Wazo lilikuwa langu, na nilijiona nina akili. Nilikwenda mjini kwa fundi wa mihuri, mmoja wa wale wanaochonga mpira kwa wembe chini ya ngazi, nikamwandikia maneno kwenye kipande cha karatasi. Kesho yake nikachukua muhuri wangu. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno saba. Kwa Kiswahili yangekuwa: Mshtakiwa ameelezwa haki yake, ameiacha.

Saa moja asubuhi, kabla lori la mahabusu halijafika, nilipanga faili mezani na kuzipiga muhuri moja baada ya nyingine. Tup, tup, tup. Makarani wenzangu waliniita Fundi Viatu. Kisha mahakama ikianza, nilimgeukia kila mshtakiwa nikamuuliza: uko tayari kuendelea? Kila mtu yuko tayari kuendelea. Sikuwahi kukutana na mtu kizimbani ambaye hakuwa tayari kuendelea. Walisema ndiyo, nami nikamgeukia hakimu na kumwambia kwamba ameiacha haki yake. Kesi zilikwenda. Nilisifiwa. Nilipewa cheti, kile kilichotundikwa juu ya televisheni miaka yote hii. Jana ulikipangusa vumbi.

Hapa lazima nikuambie jambo juu ya yule ambaye jina lake unalo. Nyanya yako hakujua kusoma. Nilipokuwa mdogo walikuja wanaume wawili na karatasi, wakamwambia ni ya kuandikisha wapokea mbolea, naye akaweka kidole gumba. Msimu uliofuata shamba la bondeni lilikuwa la mtu mwingine. Alikuwa akikitazama kile kidole jioni, akikizungusha, kama kitu kilichomsaliti. Mimi nikaapa nitajifunza Kiingereza chao chote, hadi kile cha sheria, ili mtu wetu asiwekeshwe kidole gizani tena. Nikajifunza. Nikaishia kuwa mimi ndiye ninayeshika kibweta cha wino.

Kati ya watu waliopita mbele yangu nitakuambia mmoja tu, kwa sababu ndiye ninayejua yaliyompata.

Aliitwa Nduku, mpishi katika nyumba moja Buruburu. Mwajiri wake alisema ameiba bangili na redio. Shahidi wa maana alikuwa mmoja, askari wa geti, aliyesema alimwona akitoka alfajiri na gunia. Hakimu wa kwanza, mama mtu mzima aliyevaa miwani ya kamba, alimsikiliza askari huyo karibu asubuhi nzima. Kila alipoulizwa swali, askari alimtazama kwanza mwenye nyumba aliyeketi benchi la nyuma, ndipo akajibu. Kila swali. Hata alipoulizwa kwao ni wapi. Yule mama aliweka kalamu chini akamtazama, akamtazama. Nilikuwa nimesimama katikati yao, nikajua moyoni kwamba kesi imekufa hapo.

Kisha yule mama akahamishwa. Na karatasi haiandiki macho. Katika faili kulibaki maneno ya askari peke yake, yamenyooka, yanafuatana vizuri.

Nduku alipoitwa mbele ya hakimu mpya, ukurasa wake ulikuwa na muhuri tangu asubuhi na wino umekauka. Nikamuuliza swali langu.

"Niko tayari," akasema. "Nataka kurudi kwa watoto."

Nikasema yale maneno kwa Kiingereza, tukaendelea. Siku ya hukumu alipatikana na hatia. Hakimu alikuwa ameinama anaandika kifungo, ndipo Nduku akainua mkono kizimbani kama mtoto wa shule, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na yule askari haji tena? Nilidhani atakuja na huyu naye amwone."

Hakimu akaniuliza anasema nini.

Wairimu, nilikuwa na nafasi. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile. Urefu wake ulikuwa pumzi moja. Kama ningetafsiri maneno yake yalivyo, hakimu angegeuza kurasa, angeona muhuri, angeniuliza, na ningelazimika kusema kwamba sikumuuliza huyu wala sikuwauliza waliomtangulia. Kazi ingeisha. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nikasema kwa Kiingereza safi:

"Anaomba huruma ya mahakama."

Hakimu akampa miaka mitatu, akasema amelizingatia ombi lake. Nduku hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, akainamisha kichwa kidogo, kunishukuru kwamba nimemfikishia.

Umewahi kumwona. Ulipomaliza kidato cha nne nilikupeleka Soko la Burma tule nyama, ukavaa viatu vya kuazima vilivyokubana. Nilipokwenda nyuma ya bucha kunawa mikono ulinifuata. Palikuwa na mwanamke ameinama juu ya karai, anaosha matumbo. Alisema bila kuinuka, "Karani." Nikajifanya sikusikia. Akasema tena.

Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Hakunitukana. Aliendelea kuosha, akaniuliza:

"Nilisema neno siku ile. Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

Akafikiri kidogo, mikono imo majini. "Basi walisikia wakakataa," akasema. "Hapo ni Mungu. Nilikuwa naogopa hawakusikia."

Ndipo akanisimulia, bila kulia, kwamba alipotoka jela alikuta kijana wake mkubwa alikwisha kuondoka nyumbani, na hajaonekana tena hadi siku ile. Wawili wadogo walilelewa na dada yake Machakos, na wakimpigia simu humwita anti. Kisha akakuona wewe. Akapangusa mikono kwenye aproni, akakata kipande cha ini kwenye sinia ya mchomaji, akakipuliza, akakupa. Akasema, "Huyu ni wako? Mlinde, karani. Dunia inameza."

Ulikila. Njiani uliniuliza yule ni nani, nikasema ni mtu wa kazini. Ukasema ana mikono mizuri.

Nilirudi Burma mara tatu ili nimwambie kweli. Mara ya kwanza nilimwona kwa mbali nikageuka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu kwenye karai palikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua Nduku alikokwenda. Waliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mtu wa kazini.

Jumatatu baada ya siku ile ya ini niliingia masjala. Kulikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada, tuliyoitumia kuzuia mlango usijifunge. Nilitaka kujua nimekuwa nikipiga nini kwenye karatasi za watu. Nilianzia hapo, na baadaye nikatafuta vitabu vingine maktaba, mpaka nikalijua neno lile kama mtu anavyomjua adui.

Halikuzaliwa Kiingereza. Waingereza walilipata kwa watawala wao waliozungumza Kifaransa, enzi ambazo mahakama za Uingereza zenyewe ziliendeshwa kwa lugha ya watawala, na mkulima akisimama mbele ya hakimu haelewi yanayosemwa juu ya kichwa chake. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Hata wao. Hata wao walimhitaji mtu asimame katikati, na sijui huyo naye alikuwa mwaminifu kiasi gani.

Maana yake ya zamani haikuwa na upole wowote. Ilikuwa kutelekeza, kutupa. Lina ndugu yake, "waif", neno walilotumia kukiita kitu kisicho na mwenyewe: mnyama aliyepotea, au mali ambayo mwizi ameitupa njiani akikimbia kelele za watu nyuma yake. Mali hiyo ilikuwa ya bwana wa eneo. Baadaye wakamwita hivyo hata mtoto asiye na kwao. Na kuna maana moja iliyonifanya nifunge kitabu. Mwanamume aliyekataa kufika mahakamani waliweza kumtoa nje ya sheria, asilindwe na yeyote. Mwanamke hawakuweza kumtoa, kwa kuwa kwa hesabu yao hakuwahi kuapishwa kuwa ndani. Kwake yeye walitumia neno hili. Ametupwa. Ameachwa kama kitu kilichodondoka njiani, ambacho mpita njia hana wajibu wa kukiinamia.

Karne zilipita ndipo likalainika na kuwa neno la mikataba, la watu waliovaa tai, likimaanisha mtu kuiacha haki yake kwa hiari. Lakini neno ni kama nguo ya mtumba. Hata ukiifua namna gani, kuna mtu aliyeivaa kabla yako, na mabega yake hayajatoka.

Nduku hakuiacha haki yake. Hakuonyeshwa kwamba anayo. Niliitoa mfukoni mwake nikaitupa njiani, kisha nikaandika kwamba ameitupa mwenyewe.

Sasa nirudi mezani.

Kifungu cha kumi na moja cha mkataba wako kina neno hilo mara tatu. Kimo katika zile kurasa mbili ulizoziruka. Kinasema unaiacha haki ya kukaa na pasipoti yako. Unaiacha haki ya kubadili mwajiri au kuondoka kabla ya miaka miwili, kwa sababu yoyote. Na unaiacha haki ya kupeleka malalamiko mbele ya mahakama yoyote, ya huko au ya hapa. Nilikisoma Jumanne karatasi ikiwa imepinduliwa upande wako, kijana alipokuwa akifunua kurasa kuitafuta ya mwisho, kabla chai haijachemka. Makarani husoma karatasi zilizopinduliwa; ndiyo kazi. Nilikiona, na bado nikatia sahihi. Huenda sheria yetu isingekikubali kifungu kama hicho. Lakini sheria yetu haitakuwa jikoni mwa nyumba ile.

Binti wa jirani yetu Mama Atieno alirudi kutoka huko mwaka jana. Unaona asivyovua skafu hata jua likiwaka, na anavyoshtuka mtu akigonga geti. Ulimuuliza mbele yangu kulikuwaje. Akasema, "Watu si wabaya wote. Ni vile hakuna mahali pa kusema." Ukabadilisha mazungumzo. Nami nikakusaidia kuyabadilisha.

Nitakuambia kwa nini nilikusaidia, na hili ni gumu kuliko la Nduku. Dawa zangu zimo ndani ya mkataba huo. Hatujawahi kulisema kwa sauti, lakini sote wawili tunajua kwamba unakwenda ili mimi niendelee kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwezi uliopita daktari alikuita kando ya pazia, akidhani sisikii. Nasikia. Sitaimaliza miaka yako miwili, na hata mmoja sina hakika nao. Unakwenda kutafuta muda ambao huenda haupo sokoni. Nilijua hivyo nikanyamaza, kwa sababu mwili wa mgonjwa ni mwoga. Unaitaka kesho, na hauulizi itatoka kwa nani.

Leo ulipofunga mlango niliuchukua mkataba. Kwanza nilitaka kuzichana zile kurasa mbili. Nikaona watachapa nyingine. Ndipo nikafungua mkoba wako mweusi, nikatoa pasipoti, nikaenda nayo jikoni, nikawasha gesi. Nilisimama pale kwa muda mrefu, Wairimu. Moto ulikuwa wa samawati na mdogo. Ulitabasamu katika picha ile ingawa wanakataza. Kisha nikaisikia ile sauti, tup, wazi kabisa, kana kwamba kuna mtu meza ya pili anafanya kazi. Nikaelewa kwamba nikiichoma nitakuwa nimekujibia kwa mara nyingine. Wakala anakuchukua bila kukuuliza, na baba anakuzuia bila kukuuliza. Nikazima gesi. Pasipoti iko mahali pake, mfuko wa ndani, na zipu nimeifunga.

Nilichofanya ni hiki tu. Nimeikata sahihi yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni nimeandika herufi za jina langu na tarehe ya leo, kama tulivyofunzwa, ili yeyote aone kilichokatwa na aliyekikata. Ile sahihi ilikuwa uongo na ilikuwa yangu, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Safari sijaikata. Safari ni yako. Muhuri wenyewe ulikuwa ndani ya kopo la vifungo la mama yako muda wote huu. Nimeutoa mpira wake kwa wembe, na kidole nilichojikata si kitu. Cheti nimekishusha. Utaona doa jeupe ukutani juu ya televisheni, usishtuke.

Ukiingia utanikuta kwenye kiti hiki na taa imewaka. Usijizuie kunikasirikia kwa sababu ya ugonjwa. Keti mkabala nami na nywele zako mpya, nami nitakusomea kifungu cha kumi na moja, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kikuyu cha nyanya yako, polepole, hadi uniambie umesikia. Halafu nitakuuliza. Swali nimeliandika hapa ili nisilikwepe, maana mdomo wangu una mazoea yake.

Wairimu, una haki ya kukaa na pasipoti yako, una haki ya kuondoka ukiumizwa, na una haki ya kusikizwa na mtu asiyemtazama mwenye nyumba kabla ya kujibu. Karatasi hii inataka uzitupe haki hizo kabla hujafika. Je, unazitupa?

Usiniambie uko tayari kuendelea. Sikuulizi hilo.

Ukisema hapana, nitampigia kijana wa wakala mimi mwenyewe, na mambo ya damu yangu yatakuwa yangu na Mungu. Ukisema ndiyo, nitachukua kalamu nitie sahihi upya chini ya ile niliyoikata, kwa mkono huu, hata kama itanichukua usiku mzima, kwa sababu mara hii nitakuwa nimeshuhudia kweli. Lolote utakalosema nitaliandika kama ulivyolisema.

Geti limelia. Huenda ni wewe, huenda ni jirani. Naweka kalamu chini nikutazame.

Baba yako